Mgeni Chini ya Taa ya Bluu

Jumatano, 18 Desemba

Wamerudi kutoka hospitali. Wifi anatembea polepole kama aliyebeba trei ya glasi, na mikononi ana kifurushi cha shuka. Ndani yake mtu kamili, ana hadi kucha. Basi mimi sasa ni shangazi! Cheo kimenijia bila kampeni.

Mdogo wangu hayupo. Lori lake limekwama mpakani na shehena ya saruji, karatasi hazijagongwa muhuri, na mwenye muhuri ameenda likizo. Anapiga simu kila akipata upenyo. Anataka amsikie mwanawe analia. Mwanawe halii. Nikamfinya kidogo kidole cha mguu ili baba mtu apate chochote, na wifi akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau leo wala kesho.

Mama yake wifi alishatangulia siku nyingi. Kwa hiyo mlezi ni mimi, fundi mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye sijawahi kuogesha hata paka. Tutaelewana tu na huyu mtoto. Mama yake ndiye kazi. Wifi ni fundi simu, na anaongea kana kwamba maneno ni zile skrubu ndogo za simu, ukidondosha moja huipati tena. Mimi maneno nayamwaga kama mtama wa kuku.

Nimetundika mapazia niliyowashonea. Manjano, mazito, yenye marinda, kazi ya wiki mbili. Wifi alitaka meupe. Nikamwambia meupe ni ya zahanati. Krismasi ni sikukuu ya nuru, mtoto aliyezaliwa Desemba alale ndani ya nuru. Jua likipita pale, chumba kizima kinakuwa dhahabu. Wifi akasema sawa. "Sawa" yake haina mlango wa kuingilia wala wa kutokea.

Jina bado. Linamsubiri baba wa mtoto. Mimi namwita Mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alhamisi, 19 Desemba

Mgeni analala tu. Ananyonya mara mbili tatu, anasinzia na titi mdomoni kama mlevi. Nimemwambia wifi ana bahati, wenzake wanakesha wakibembeleza. Akasema angependa anyonye zaidi. Nikamwambia asitafute matatizo kwa tochi.

Jumapili ni zamu yangu kuwasha mshumaa wa nne wa Majilio na kusema maneno machache kuhusu nuru. Kamati yote ya mapambo ya kanisa inajua kuwa mimi na maneno machache hatujawahi kukutana. Nimeandaa kitu kizuri. Nataka angalau mtu mmoja alie.

Ijumaa, 20 Desemba

Wifi kaniita chumbani. Anaona macho ya mtoto yana manjano. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kila kitu humu ni cha manjano, nikamwambia. Chandarua manjano, dari manjano, wewe mwenyewe manjano, hayo ni mapazia yangu yanafanya kazi yao. Nikamnyooshea mkono wangu. Kweli, ulikuwa kama nimeuchovya kwenye rangi. Akautazama mkono, akamtazama mtoto, akasema sawa.

Nikamtania kwamba kazi imemharibu, kutwa anatafuta ufa kwenye vioo vya watu. Hakucheka. Huyu naye.

Jumapili, 22 Desemba

Niko hospitali. Naandika kwenye benchi la nje ya wodi ya watoto wachanga. Nianzie wapi.

Nianzie kanisani. Niliwasha mshumaa, nikasema. Nilisema Mungu ametupa nuru ili tuione, na Mtoto wa horini alikuja ili sisi tulio gizani tupate cha kutazama. Nilisema vizuri, sitajidanganya humu. Watu waliitikia, dada mmoja wa kwaya alifuta machozi. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba, na wenzangu watatu wa kamati nyuma yangu wanakuja kumwona mtoto.

Mwenyekiti wetu wa kamati akataka picha. Akasema chumbani rangi haitoki vizuri, tumpeleke mlangoni. Wifi akambeba hadi mlangoni.

Jua la mchana. Jeupe. Hapakuwa na pazia.

Mtoto alikuwa wa manjano kama kiini cha yai. Uso, shingo, kifua, mpaka magotini. Wifi akamfungua kope moja kwa kidole, na weupe wa jicho haukuwepo. Mwenyekiti akashusha simu yake.

Wifi hakupiga kelele. Alivaa viatu. Akaniambia nilete kadi ya kliniki. Jirani akatoa gari.

Daktari ni binti tu, mdogo kuliko wifi. Alimbonyeza mtoto puani, kifuani, kwenye paja, akimwangalia ngozi. Akamtoboa kisigino, akachukua damu. Mtoto alilia kidogo kwa uvivu, akalala tena. Daktari akauliza hali hii imeanza lini. Wifi akajibu ameiona tangu Ijumaa. Kwa nini hamkuja Ijumaa? Wifi akamrekebishia mtoto shuka. Nilisubiri aninyooshee kidole. Hakuninyooshea.

Nikasema mwenyewe. Ni mapazia, daktari. Hakunielewa. Ikabidi nimweleze yote, mapazia, rangi, mkono wangu, kicheko changu. Akaacha kuandika, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea. Alieleza kwamba watoto wengi hupata manjano kidogo na yanaisha yenyewe. Huyu kundi lake la damu na la mama yake hayapatani, na manjano yamepanda mno. Yakifika kwenye ubongo, yanaweza kumwondolea kusikia, au viungo, au kumwondoa yeye mwenyewe. Ule usingizi niliousifu ulikuwa dalili.

Nikauliza dawa tukanunue wapi. Akasema dawa ni mwanga, umeshaandaliwa. Nikauliza, mwanga tu? Mwanga tu, na kunyonya. Kesho wakiona hayashuki, watambadilisha damu.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mtoto wa watu.

Wifi yuko ndani. Anaruhusiwa mmoja tu kwa sasa, ni haki yake. Nimempigia mdogo wangu. Akasema analiacha lori hapo hapo anakuja kwa vyovyote. Wifi akachukua simu, akamwambia abaki, lori likipotea mtoto atavaa nini. Sauti yake ilikuwa shwari. Alipomaliza akanirudishia simu bila kunitazama.

Mungu wangu, nisikilize. Usimdai mtoto kwa kosa langu.

Jumatatu, 23 Desemba

Wameniruhusu kuingia kwa kupokezana na wifi. Sikujua taa inaweza kuwa hivi. Ni ya bluu, kali, inamulika kona nzima. Nesi akipita hapo hata meno yake ni ya bluu. Mgeni amelala chini yake na nepi tu, kwenye kitanda kidogo cha plastiki, kitambaa kimemfunika macho. Anaonekana kama mzee aliyechoka kusikiliza habari.

Nilimuuliza nesi kwa nini wamfunge macho, si mwanga ndio tunaoutafuta? Akasema huu si wa kutazama, utamuumiza. Unafanya kazi kwenye ngozi. Unapenya, unayavunja yale manjano, halafu mtoto anayatoa kwenye nepi. Yeye kazi yake ni kunyonya na kulala.

Nimekaa na maneno hayo asubuhi nzima. Jana tu nimesimama mbele ya kusanyiko nikasema nuru ni ya kutazamwa. Miaka yote ndivyo nilivyojua. Mishumaa, taa za rangi, nyota ya karatasi juu ya altare, tupange vizuri watu waone wafurahi. Na huyu hapa, macho yamefungwa, hajui hata kama kuna taa, na taa inamponya. Hakuiomba. Hakuielewa. Hana alichofanya ila kuwa chini yake.

Kama Kristo ni nuru, basi labda ni nuru ya namna hii. Inakufikia wakati huoni kitu. Nilitoka nje nikalia, maana Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa nimefungwa macho, tena kwa kitambaa nilichokishona mwenyewe kwa marinda.

Vipimo vya asubuhi: hayajashuka. Hayajapanda pia. Daktari atasubiri hadi jioni ndipo aamue habari ya damu. Ametueleza wanavyofanya. Nusu nimeelewa, nusu nimekataa kuelewa.

Wifi amesema nami mara moja. "Nilikwambia, wifi." Basi. Hakupaza sauti. Angenitukana ningejua pa kushika.

Mchana umeme ukakatika. Bluu ikatoweka, chumba kikawa chumba. Mama wote wodini wakasimama, kila mmoja mkono juu ya mwanawe. Wifi akambeba Mgeni akamsogeza dirishani, akasimama pale amemwinua kwenye jua kama anayemwonyesha mtu. Nesi akamwambia taratibu kwamba jua la dirishani halitoshi, amrudishe, jenereta inawashwa. Wifi hakutaka kumrudisha. Nikamshika kiwiko, tukamrudisha pamoja. Halafu mngurumo huko nje, na taa ikawaka.

Maishani nimeombea mvua, wagonjwa, wasafiri na wateja. Sikuwahi kuombea jenereta. Leo nimeiombea kwa jina la Bwana, na mafuta yake, na fundi wake.

Jioni: yameshuka. Kidogo. Daktari amesema kidogo hicho kinatosha kwa leo, damu haibadilishwi. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa koti lake jeupe.

Jumanne, 24 Desemba

Yameshuka tena! Na safari hii si kidogo. Daktari mwenyewe ametabasamu, halafu akajirudi akasema tusishangilie sana, bado taa inaendelea.

Mgeni ameamka. Ameamka hasa. Analilia maziwa kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Mama wa kitanda cha jirani akasema huyu atakuwa mwanasiasa. Wifi akampigia mumewe, akaweka simu karibu na kitanda, na mdogo wangu huko mpakani akasikia alichokuwa anakitaka tangu Jumatano. Naye akalia. Madereva wenzake wakamuuliza nani kafa. Akawaambia hajafa mtu.

Nimeshusha pumzi leo mpaka nimesikia njaa. Sikumbuki nilikula lini.

Halafu wifi akasema, "Wifi, nitafutie chai. Iwe na sukari." Nilikimbia kama niliyeitwa na rais. Niliporudi alinisogezea nafasi kwenye kiti chake, tukakaa wawili, kila mtu na nusu kiti.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili. Akanywa chai kwanza. Akasema yeye Ijumaa alikuwa anaona kabisa, ila alikubali kutoona kwa sababu hakutaka kugombana na mimi chini ya mapazia yangu. Hilo linamuuma kuliko kicheko changu. Akasema siku nyingine akiniambia kitu, nisicheke kwanza. Nimeahidi. Nikamwambia itanichukua muda kuzoea. Akasema anajua.

Ni mkesha wa Krismasi. Sasa hivi huko kanisani wanawasha taa ambazo mimi ndiye niliyezipanga. Nilitegemea nitaumia. Siumii. Nimekaa kona ya bluu, na mtoto wetu anakojoa kama bomba, na kila nepi tunaishangilia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Niandike hii kama ilivyo, maana nikiiacha hadi kesho nitaipamba.

Asubuhi njema. Wodi imetulia. Nesi wa zamu ameweka utepe mwekundu kwenye mlango, basi, ndiyo mapambo yote. Mwenyekiti wa kamati katuma ujumbe, nyota ya altare iliwaka upande mmoja, mjumbe fulani anamlaumu mjumbe fulani. Nimemjibu Heri ya Krismasi. Tangu anifahamu hajawahi kupata jibu fupi hivyo kutoka kwangu, akapiga simu kuuliza kama kuna msiba.

Kabla ya adhuhuri akaingia mama mdogo wa umri, kama miaka ishirini, miguuni viatu viwili tofauti. Alivaa kwa haraka, hakuwa na habari navyo. Kabeba binti. Mtoto wa manjano kuliko Mgeni alivyokuwa. Sikuhitaji daktari kuniambia.

Taa wodini ni mbili. Ya pili imeungua, na fundi wake yuko likizo hadi Ijumaa. Hospitali nyingine yenye taa ni mbali, na huyu binti hali yake haingoji safari. Daktari akaja kwetu. Akasema wetu ameshavuka penye hatari, yule bado. Anataka kuwalaza wote wawili chini ya taa moja. Wetu atasogezwa pembeni, atapata mwanga kiasi, atapona taratibu zaidi. Si vizuri sana, hata yeye haipendi, lakini ndilo linalowezekana. Alitaka tuelewe.

Nilijibu mimi. Wala sikufikiri. Nikasema hapana, nafasi haitoshi.

Kwa mdomo huu huu. Siku ya Krismasi. Na neno likanirudia masikioni kabla sijalimaliza. Nafasi haitoshi! Kila mwaka kwenye igizo la watoto wa kanisa mimi ndiye ninayewashonea nguo, na kila mwaka yule mwenye nyumba ya wageni namchagulia kitambaa kibaya kuliko vyote, makusudi, ili watu wamchukie tangu anapoingia. Miaka yote namshonea mwenzangu.

Mama mdogo alisikia. Alimsogeza tu mwanawe kifuani.

Wifi ndiye aliyeinuka. Akamwambia nesi, "Msogezeni." Kisha akanigeukia, bila hasira, kama anayeniambia simu yako imeisha chaji. "Wifi, taa si yetu."

Wakawalaza ubavu kwa ubavu, wote na nepi tu, wote macho yamefungwa. Binti akarusha mkono ukatua shavuni kwa Mgeni, na Mgeni hakujali. Wifi akamwonyesha yule mama kitambaa cha macho kinavyofungwa kisiteleze. Fundi simu, vidole vyepesi. Mimi nikaenda kumtafutia chai. Mtu akishanyimwa nafasi, angalau apewe chai. Nilimwomba msamaha nikimkabidhi kikombe. Akasema hata yeye angesema vile. Sijui kama ni kweli, lakini nimelipokea.

Nisijifanye mtakatifu humu. Nimeogopa siku nzima. Kila nikimwona Mgeni kwenye ukingo wa ile bluu, mkono unaniwasha nimsogeze katikati. Nimeukalia. Juzi nilifurahi kugundua kwamba nuru inakufikia hata kama huioni. Uzuri ulioje, ilipokuwa inamfikia wa kwetu. Leo imetakiwa imfikie na wa mwingine, na mimi nikawa pazia tena.

Nimeomba kwa ajili ya wote wawili. Nilianza na wetu. Yule wa pili nilimwombea kwa kujilazimisha, halafu katikati nikaona sijilazimishi.

Alhamisi, 26 Desemba

Yameshuka. Ya wetu, hata huko ukingoni! Na ya binti nayo yameanza kushuka. Yametii ya wote wawili!

Nilitoka koridoni nikalia kwa raha zangu, kilio cha mtu mwenye nafasi. Mfanyausafi akaniambia niinue miguu apige deki. Nikainua miguu nikaendelea.

Daktari amemtoa Mgeni chini ya taa. Nesi akamfungua kitambaa. Akakunja uso, akapiga chafya, kisha akafumbua macho akatutazama, kwanza mama yake, halafu mimi. Macho meupe. Meupe hasa, kama yai lililochemshwa. Wifi alicheka kwa sauti, na mimi sikujua kama ana kicheko kama hicho, cha kupaa. Akasema, "Wifi, anakuangalia kama mteja aliyeletewa kitambaa sicho."

Lakini hatujatoka. Manjano huwa yanarudi wakati mwingine taa ikishaondolewa. Kesho watapima tena. Yakitulia, nyumbani. Yakipanda, tunarudi chini ya taa, na taa sasa ina mwenyewe. Nimejikuta nawaza, sawa, watalala tena wawili. Nimewaza hivyo bila kusukumwa.

Lori limegongewa muhuri. Mdogo wangu yuko njiani. Wifi kamwambia aje na jina kabisa, asije mikono mitupu.

Ijumaa, 27 Desemba

Mwandiko mbaya, naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uko chini ya taa.

Mama mdogo ameitwa kupimwa presha, tangu ajifungue haijakaa sawa. Aliangaza wodi nzima kutafuta wa kumwachia, akaja kwangu. "Shangazi, niangalizie." Kwangu mimi, baada ya ile juzi. Nikakaa. Huyu binti analia asipoguswa. Ukimwekea kiganja tumboni ananyamaza, ukikitoa anaanza upya. Kwa hiyo kiganja kiko hapa, cha bluu mpaka kwenye kifundo, na tumbo lake linapanda na kushuka, jepesi kama mfuko wa nailoni. Rangi yake ni afadhali kuliko jana. Kifuani naona ngozi imeanza kuwa ngozi.

Asubuhi walimtoboa Mgeni kisigino tena. Safari hii alipiga kelele za kuamsha jengo, na wifi akamwambia vizuri sana, baba, lia. Sasa tunangoja. Wifi yuko upande wa pili wa wodi, dirishani, Mgeni begani. Kwa mwanga ule wa nje namwona mdomo mwekundu, masikio, kisogo. Namwona mzima. Ila macho yangu nimeacha kuyaamini peke yake.

Mdogo wangu yuko getini, walinzi wamemzuia, muda wa kuona wagonjwa bado. Anatuma ujumbe juu ya ujumbe. Sijui anadhani nina mikono mingapi.

Daktari ameingia. Ana karatasi. Anakwenda kwa wifi.

Wifi ananitafuta kwa macho. Ananipungia, njoo. Nimeinua kiganja, na binti ameanza kulia, nimekirudisha. Nimemwashiria wifi kwa kichwa, sikiliza wewe. Daktari anaongea, hapa sisikii neno. Wifi ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Yuko mbali, siwezi kujua kama ni kicheko au ni kilio. Kila mfupa wangu unataka kwenda. Siendi. Huyu ametulia sasa hivi, na mama yake bado hajarudi.